KWA NINI WENGINE WALIPOTEZA LADHA NA WENGINE HAWAKUIPOTEZA?

Asubuhi moja ya Jumamosi, muhula huu, tulikuwa bwaloni tukinywa uji. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na mafua alisukuma kikombe chake akasema uji hauna ladha. Wa pili akamtania kwamba labda amepata Korona. Hapo akadakia wa tatu, mtu ajuaye kusema, akatangaza mbele ya meza nzima: "Kupoteza ladha kulikuwa ugonjwa wa Wazungu. Sisi huku hatukupoteza kitu. Aliyesema amepoteza ladha alikuwa akiiga ya redioni." Meza nzima ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasikia nyumbani kwetu, na aliyeambiwa alikuwa mama yangu mzazi.

Nilimweleza mwalimu wetu wa Biolojia ubishi ule. Hakunijibu ndiyo wala siyo. Aliniambia, "Nenda ukatafute hesabu zake, kisha uje uwaeleze wenzako." Basi kwa majuma kadhaa nimesoma katika kompyuta ya maktaba, na nilipokwama nilimwendea mwalimu. Haya ndiyo niliyoyapata. Nawaomba wasomaji, wakubwa kwa wadogo, mnivumilie, maana tarakimu ni nyingi kidogo.

Yaliyotupata nyumbani

Mama yangu ni mama lishe. Hupika wali na maharage, na siku ya Ijumaa pilau, karibu na stendi ya mabasi. Katikati ya mwaka 2021, nilipokuwa darasa la saba, aliugua homa na kikohozi, mwili ukamwuma, akalala siku nne. Homa ilipoondoka alirudi jikoni. Siku ya kwanza wateja watatu walirudisha maharage wakisema yamezidi chumvi. Kumbe alikuwa ameonja mchuzi, akaona hauna chumvi, akaongeza; akaonja tena, akaongeza tena. Siku ya pili sufuria iliungua naye amekaa kando yake, asisikie harufu yo yote, hata jirani alipopiga kelele kutoka ng'ambo ya uzio.

Mama alisema wazi, "Sisikii ladha wala harufu." Jirani mmoja akasema amerogwa na washindani wake wa stendi. Ndugu yetu mmoja akasema ugonjwa huo ni wa Ulaya, wala haujafika kwa watu kama sisi. Nami, msomaji, nilimcheka. Nilimpa kipande cha limau, amefumba macho, nikamwuliza kama ni embe. Alitafuna kidogo akasema, "Kinachacha, mwanangu, lakini sikijui ni kitu gani." Kisha akageuza uso. Sitausahau uso ule.

Tangu siku hiyo nikawa mwonjaji wake. Kila alfajiri kabla ya kwenda shule nilionja mchuzi, nikamwambia chumvi yatosha au haitoshi. Kazi hiyo niliifanya majuma yapatayo sita, na wateja wakarudi.

Mama hakupimwa, kwa hiyo sina haki ya kuandika hapa kwamba ugonjwa wake ulikuwa UVIKO-19. Jambo hilo la kutopimwa nitalirudia mbele, maana lina uzito wake katika hesabu.

Ladha ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba ladha yote imo ulimini. Sivyo. Ulimi hutambua mambo matano tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya supu ya nyama. Mengine karibu yote tunayoyaita ladha ni harufu. Tunapotafuna, harufu ya chakula hupanda kwa njia ya nyuma ya kinywa mpaka juu ndani ya pua, na hapo ndipo tunapojua kwamba hii ni iliki, huu ni mdalasini, na hili ni embe dodo wala si papai. Kuna na jambo la tatu, nalo ni mwasho wa pilipili na tangawizi. Huo si ladha wala si harufu, bali ni hisia inayopelekwa na mishipa mingine ya fahamu, ile ya uso.

Ukitaka kuhakikisha, fanya kama tulivyofanya bwenini. Changanya sukari na mdalasini uliotwangwa. Bana pua yako kwa vidole viwili, kisha weka kidogo ulimini. Utasikia sukari tu. Sasa achia pua: mara mdalasini huo hapo! Wenzangu walipofanya hivyo walipiga makelele ya mshangao mpaka kiranja akaja kutuuliza kulikoni.

Kwa hiyo mgonjwa asemapo, "Chakula hakina ladha," mara nyingi kilichoharibika ni pua. Lakini si pua peke yake siku zote. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi nyingi waliwauliza wagonjwa 4,039 wa UVIKO-19 wapime hisi zao kwa kipimo cha 0 hadi 100, kabla ya ugonjwa na wakati wa ugonjwa. Kwa wastani harufu ilishuka kwa karibu 80, ladha ya ulimi kwa 69, na mwasho wa pilipili kwa 37. Basi mama, aliyesikia uchachu wa limau lakini asijue kuwa ni limau, alikuwa akieleza jambo la kweli kabisa.

Virusi hufanya nini puani?

Virusi vya UVIKO-19 huingia katika chembe hai za mwili kwa kushika protini moja iitwayo ACE2. Tuifananishe na kitasa cha mlango: chembe isiyo na kitasa hicho si rahisi kuingiliwa. Juu kabisa ndani ya pua ziko chembe za neva zinazopokea harufu, na kando yake ziko chembe nyingine za kuzitegemeza na kuzilisha. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba ACE2 imo katika chembe zile za kutegemeza, na si katika neva zenyewe za kunusa.

Maana yake ni kama mpishi na wasaidizi wake. Mpishi ni mzima, lakini wasaidizi wote wameugua: hakuna wa kuleta maji wala kuni, na kazi inasimama. Wasaidizi wakipona au wakija wengine, jiko huwaka tena. Ndiyo sababu wagonjwa wengi walipoteza harufu ghafula, hata bila ya pua kuziba, na wengi wakairudia katika majuma machache. Lakini wako ambao iliwachukua miezi mingi.

Hesabu za nchi mbalimbali

Sasa nafika penye ubishi wetu. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Wuhan, nchini China, mwezi wa Desemba 2019. Madaktari wa huko walichunguza habari za wagonjwa 214 waliolazwa hospitali kati ya Januari na Februari 2020. Waliopungukiwa na ladha walikuwa 12 tu, yaani chini ya 6 katika kila 100.

Muda si mrefu baadaye, madaktari wa hospitali 12 za Ulaya, katika Ubelgiji, Ufaransa, Hispania na Italia, waliwauliza wagonjwa 417 ambao hali zao hazikuwa mbaya sana. Waliosema ladha yao imeharibika walikuwa 88 katika kila 100! Nchini Uingereza tofauti kati ya waliopata ugonjwa na wasiokuwa nao ilionekana wazi, hata tarehe 18 Mei 2020 serikali ya huko ikaongeza kupotea kwa harufu au ladha katika dalili za kuwafanya watu wajitenge.

Ugonjwa ni mmoja. Pengine 6, pengine 88. Je, yawezekanaje? Mwaka huo huo wa 2020, wataalamu watatu, von Bartheld, Hagen na Butowt, walikusanya pamoja tafiti 104 zenye wagonjwa 38,198. Wakaona kwamba miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, 54.8 katika kila 100 walipoteza harufu au ladha. Miongoni mwa watu wa Asia ya Mashariki, 17.7. Yaani tofauti ni kama mara tatu. Basi tofauti ipo kweli, wala si uzushi. Swali ni nini kilichoileta.

Sababu ya kwanza: namna ya kuuliza

Wale wagonjwa 214 wa Wuhan walikuwa wamelazwa, na 88 kati yao ugonjwa wao ulikuwa mkali. Hospitali zilifurika, na habari zao zilichukuliwa katika vitabu vya hospitali. Mtu anayehangaikia pumzi hakumbuki kulalamikia mchuzi, na daktari anayehangaika kumwokoa hamwulizi habari hiyo. Wale wa Ulaya waliulizwa hasa juu ya pua na ulimi, kwa orodha ya maswali. Mwenye kuuliza hupata jibu. Asiyeuliza huandika sifuri.

Tena kuuliza si sawa na kupima. Mjini Tehran, nchini Iran, wagonjwa 60 walipewa harufu 40 wazitambue moja moja. Wagonjwa 59 walionekana wamepungukiwa, lakini kama theluthi moja tu ndio waliokuwa wameona mabadiliko wenyewe kabla ya kupimwa. Wengine walikuwa wamepoteza bila ya kujua!

Sababu ya pili: lugha na mazoea

Hii ni fikira yangu mwenyewe, naiweka mbele ya wasomaji waipime. Sisi katika Kiswahili husema twasikia harufu na twasikia ladha, kama vile twasikia ngoma. Na mtu mwenye malaria kwetu husema, "Mdomo mchungu, chakula hakina ladha." Tumezoea hivyo tangu utoto. Basi mgonjwa wa kwetu aonapo chakula hakina ladha haoni jambo jipya la kwenda kumweleza mganga; hudhani ni homa ile ile ya siku zote. Tena watu wengi hawakupimwa, kama mama yangu, na asiyepimwa haingii katika hesabu yo yote. Tafiti nyingi za mwanzo zilitoka Ulaya, China na Marekani. Kutoandikwa kitabuni si sawa na kutokuwapo duniani.

Sababu ya tatu: virusi vyenyewe hubadilika

Virusi vilivyoenea Ulaya mapema mwaka 2020 vilikuwa na badiliko moja katika protini yake ya nje, liitwalo D614G. Kabla ya mwaka kwisha aina hiyo ilikuwa imeenea karibu duniani kote. Wako wataalamu waliofikiri kwamba hilo lilichangia tofauti kati ya Wuhan ya mwanzo na Ulaya.

Kwamba aina ya virusi ina nguvu katika jambo hili, ushahidi ulikuja baadaye. Mwezi wa Novemba 2021 Afrika Kusini iliujulisha ulimwengu habari za aina mpya iliyoitwa Omikroni. Nchini Uingereza watu waliokwisha chanjwa walilinganishwa: walioambukizwa wakati wa aina ya Delta, waliopoteza harufu walikuwa 52.7 katika 100. Wakati wa Omikroni, 16.7 tu. Nchi ni ile ile, lugha ile ile, maswali yale yale. Kilichobadilika sana ni virusi.

Sababu ya nne: miili yetu

Pamoja na hayo, tofauti baina ya watu haikutoweka. Uchunguzi uliokusanya tafiti za dunia juu ya Omikroni, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya waliopoteza harufu walikuwa 11.7 katika 100, na miongoni mwa makundi mengine yote walikuwa kati ya 1.9 na 4.9. Basi hata virusi vikiwa vya aina moja, iko tofauti nyingine, na huenda imo katika urithi wa miili.

Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi wa watu 69,841 waliopatikana na ugonjwa, wengi wao wakiwa wa Marekani na Uingereza. Wataalamu walitafuta katika jeni zao wakakuta mahali pamoja palipohusiana na kupoteza harufu au ladha. Mahali hapo pana jeni mbili, UGT2A1 na UGT2A2. Kazi yake ni kutengeneza vimeng'enya vinavyosaidia kuondoa chembechembe za harufu puani baada ya kunuswa. Watu wa asili ya Asia ya Mashariki, na Wamarekani wenye asili ya Afrika, walitaja upungufu huo kwa uchache kuliko watu wa asili ya Ulaya.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba fumbo limekwisha. Badiliko lile la jeni liliongeza uwezekano kwa kama asilimia 11 tu. Asilimia 11 haiwezi peke yake kuleta tofauti ya mara tatu. Kwa hiyo mimi nasadiki kwamba sababu zote nne zilishirikiana: namna ya kuuliza, mazoea ya watu, aina ya virusi, na urithi wa mwili.

Basi nani alishinda?

Yule mwenzetu wa bwaloni nilimpa haki yake. Ni kweli kwamba watu wa asili ya Ulaya walipatwa zaidi. Lakini aliposema, "Sisi hatukupoteza kitu," hapo alikosa. Kidogo si sifuri. Tuseme shule yetu ina wanafunzi 800 na wote waambukizwe, na wanaopoteza harufu ni 2 tu katika kila 100, yaani kile kiwango cha chini kabisa. Wanafunzi 16 wangeshindwa kusikia harufu ya mandazi. Je, hao 16 tuwaambie wanaiga redio? Na mama yangu aliugua katikati ya mwaka 2021, kabla ya Omikroni kujulikana, wakati virusi vilivyokuwa vikienea vilikuwa vikali zaidi kwa pua.

Hesabu ya watu wengi hutuambia habari za wengi. Haiwezi kumwambia mtu mmoja aliye mbele yako kwamba hasikii anachosikia, wala kwamba anasikia asichosikia.

Mambo ya kufanya

Mtu akipoteza harufu, kwanza asiachwe jikoni peke yake. Hawezi kujua kwamba gesi inavuja, wala chakula kinaungua, wala maziwa yamechacha. Awepo mtu wa kunusa na kuonja kwa niaba yake, na chakula cha akiba kiandikwe siku kilipopikwa.

Pili, aende zahanati, hasa ikiwa harufu haikurudi baada ya majuma machache, maana yako magonjwa mengine ya pua na ya neva yanayoleta hali hiyo.

Tatu, yako mazoezi ya kunusa. Yalitangazwa mwaka 2009 na Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, pamoja na wenzake, zamani kabla ya UVIKO-19. Mgonjwa hunusa vitu vinne, asubuhi na jioni, kwa sekunde kama kumi kila kimoja, na huendelea hivyo majuma 12. Vitu vyenyewe ni waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Niliposoma neno karafuu nilisimama kidogo. Karafuu, ambayo Unguja na Pemba zimeiuza duniani kwa miaka mingi, na ambayo mama huitia katika pilau kila Ijumaa! Dawa hiyo haimponyi kila mtu, lakini haina gharama kubwa, na sisi vyote vinne twavipata hapa hapa.

Mama hakuyajua mazoezi hayo, nami sikuyajua. Hata hivyo kila siku alikuwa akiinamia sufuria ya pilau akivuta pumzi. Ijumaa moja, baada ya zile wiki sita, nilikuwa nikijifunga viatu vya shule, naye akakaanga vitunguu. Akaita kwa sauti, "Mwanangu, njoo! Vinanukia!" Nilikwenda mbio na kiatu kimoja. Siku hiyo alionja mchuzi mwenyewe, akatia chumvi mwenyewe, wala hakuniuliza. Ndipo nilipomwomba radhi kwa habari ya limau. Alicheka akasema amekwisha sahau, lakini najua hakusahau.

Jumamosi iliyofuata baada ya kumaliza kusoma, niliwaeleza wenzangu bwaloni habari hizi zote kwa kifupi. Yule aliyesema maneno ya Wazungu alinyamaza, kisha akasema kwamba hata bibi yake, mwaka ule ule, alikuwa akisema chai yake ni kama maji ya moto, na wao wakadhani ni uzee. Hakuna aliyecheka safari hii.

Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi wa bweni twaijua vizuri methali hiyo! Basi mgonjwa akikwambia jambo la mwili wake, mwamini kwanza, umsaidie, kisha ndipo ukatafute hesabu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne